Asilazwe Chali

Daktari alitoa maagizo mengi siku Mwalimu Abdiel aliporuhusiwa kutoka hospitali, lakini moja tu ndilo muuguzi Hafidha aliloliandika kwa kalamu nyekundu na kulibandika ukutani juu ya kitanda: ASILAZWE CHALI. Mengine yalikuwa na nafasi ya kuongea. Uji ungeweza kuwa wa ulezi au wa mchele, na zile hatua kumi za kutembea chumbani zingeweza kuwa nane siku ya baridi kali. Hilo la kulala halikuwa na mjadala. Mwalimu alikuwa na saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni, na madaktari walipoukata ule umio walilivuta tumbo lenyewe wakalipandisha kifuani na kulishona karibu na shingo. Mlango uliokuwa unakizuia chakula kisirudi juu uliondoka na ugonjwa. Akiketi, chakula kinashuka. Akilala chali kinarudi, kinaingia kwenye mapafu, na mtu anazama kitandani kwake pakavu kabisa.

Basi Hafidha aliweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, akapanga mito minne nyuma ya mgongo wa mgonjwa, akasema, "Mwalimu, kuanzia leo wewe ni mtu wa kuketi. Usiku na mchana."

"Kwa muda gani?" Mwalimu aliuliza. Sauti yake baada ya upasuaji ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Mpaka uingie kaburini."

"Huko nako nitaketi?" Akacheka kidogo, akashika kovu la ubavuni maana kicheko kilimuuma. Hafidha naye alicheka. Baadaye alitamani asingecheka.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na mbili. Alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo alikunywa chai ya maziwa ikiwa inachemka. Chai isiyomtoa machozi aliiita maji ya kunawia. Chakula kilipoanza kumkwama alisema ni vidonda vya tumbo, akawa anashushia kila tonge kwa maji, miezi minane, hadi maji yenyewe yakakataa kushuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa Mwalimu kifo kilikuwa kimeshavua viatu mlangoni pale binti yake Evelyn alipomburuta hospitali. Evelyn ndiye mwenye nyumba, huko Engutoto, Arusha, nyumba ya ghorofa moja yenye ua wa masale mbele, ile mimea ya Wachaga yenye majani marefu. Anafanya kazi uwanja wa ndege, anatoka alfajiri na kurudi jioni, ndiyo maana alimwajiri Hafidha amwuguze baba mchana.

Hafidha hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Wazazi wake walitoka Kondoa, yeye akazaliwa na kukulia mjini Arusha, na alikuwa amefanya kazi wodi ya upasuaji miaka kumi na moja. Alijua kuosha mrija wa kulishia ulioingia ubavuni mwa mgonjwa, alijua kumfundisha mtu kukohoa akiwa amekumbatia mto, alijua kupiga kelele bila kuonekana mkali. Kitu alichokuwa hajui ni ndugu wa Mwalimu.

Ndugu mwenyewe alikuwa mmoja tu aliyebaki, dada yake mkubwa Elieshi, mwenye miaka themanini na nne. Alishuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi za mtori, fimbo, na kitabu cha nyimbo cha Kilutheri kilichoshikiliwa kwa mpira. Hafidha alimpokea mlangoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mdogo wangu?"

Akampandisha ghorofani. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa la mashariki, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka kitanda kielekezwe huko. Alisema akifumbua macho asubuhi anataka amwone Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla hajamwona mtu. Asubuhi ile wingu lilikuwa halijafunga, mlima ulikuwa wazi na theluji yake, na Mwalimu alikuwa ameketi ameulekea, blanketi la kahawia limemfunika hadi mabegani, macho ameyafumba. Bibi Elieshi alisimama kizingitini. Hakusalimia. Fimbo ikamponyoka ikaanguka sakafuni, na yeye hakuiokota.

"Nani amemweka hivi?" aliuliza.

"Mimi, Bibi. Ni amri ya daktari."

Bibi alitazama dirisha, akamtazama mdogo wake, akatazama tena dirisha. Akageuka akashuka ngazi polepole akishika ukuta.

Kesho yake mchana Hafidha alishuka jikoni kusaga mtori, ile supu nzito ya ndizi, uwe laini, akapanda na kikombe, akamkuta Mwalimu amelala chali. Mito yote minne ilikuwa imepangwa vizuri kwenye kiti. Mgonjwa alikuwa anakohoa, kohozi lenye uchachu limemjaa mdomoni. Hafidha alimwinua, akamfuta, akampiga mgongo hadi pumzi ikatulia, na alipokuwa anarudisha mito akaona kitu juu ya shuka: jani refu la isale, bichi, limefungwa fundo katikati.

"Nani amekulaza, Mwalimu?"

"Sijui. Nilikuwa nimesinzia."

Hafidha alimwuliza Bibi, na Bibi akasema alikuwa uani anaota jua. Jua gani, mwezi wa saba Arusha, wingu la Meru limeshuka hadi kwenye mabati? Lakini utamwambiaje mtu mzima kwamba anadanganya. Jioni akamweleza Evelyn, Evelyn akasema labda baba alijilaza mwenyewe usingizini. Mgonjwa asiyeweza kufunga kifungo cha shati, eti amepanga mito kwenye kiti! Hafidha alilichukua lile jani akalitupa kwenye pipa la takataka, akanawa mikono mara mbili. Yeye alijua fundo ni fundo, na mafundo hayajapata kumtakia mtu heri.

Siku ya tatu yakawa yale yale, na jani lingine. Siku ya nne Hafidha hakushuka jikoni, akakaa na mgonjwa, na siku hiyo ndiyo Mwalimu alipomwomba kiti.

"Cha nini?"

"Cha mgeni." Alionyesha kwa kidevu pembe ya chumba, kati ya kabati na dirisha. "Mzee wa watu amekaa chini tangu asubuhi. Anasikia baridi."

Pale pembeni palikuwa na beseni na ndara za Mwalimu.

"Amekaaje, Mwalimu?" Hafidha aliuliza kwa sauti ya kawaida, maana wagonjwa waliokunywa dawa za maumivu huona mengi, na muuguzi mzuri habishani nao.

"Amejikunja. Magoti yamefika kidevuni. Halafu amejifunika ngozi, siku hizi nani anajifunika ngozi?"

Hafidha aliandika kwenye daftari lake: *anaona mtu, punguza dawa*. Alimpigia daktari simu, daktari akapunguza dawa. Mgeni hakupungua. Siku ya tano Mwalimu aliikunja miguu yake kitandani ili, alivyosema, mzee apate pa kuegemea. Hafidha alitembeza mkono hapo kwenye shuka, upande wa miguuni. Palikuwa baridi kuliko chumba. Alijiambia ni upepo wa dirishani, akaenda akalibana dirisha, na dirisha lilikuwa limebanwa tayari. Akasoma Ayatul Kursi yote, kimoyomoyo, huku akipima presha.

Siku ya sita akategesha. Alitoka chumbani kwa kishindo, akashuka ngazi tatu, akavua viatu, akarudi kwa ncha za vidole. Kutoka kwenye ngazi alimwona Bibi Elieshi akitoka chumba cha pili na kuingia kwa Mwalimu, akamfuata hadi kwenye mwanya wa mlango. Bibi aliweka fimbo chini, akaanza kuutoa mto mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa mdogo wake aliyesinzia, kwa uangalifu, kama anayetoa mayai chini ya kuku. Midomo yake ilikuwa inaenda, anasema jambo kwa Kichaga. Alipofika mto wa tatu Hafidha aliingia, akaushika ule mto.

"Bibi, unataka kumuua?"

Bibi hakushtuka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaonekana mdogo sana. "Nataka asife," alisema. "Wewe ndiye umemweka tayari."

Hafidha alimrudishia mgonjwa mito, akamchukua bibi hadi chumba cha pili, akafunga mlango. Hasira zilikuwa zimempanda, lakini alimkalisha bibi kwanza, akasema, "Haya, niambie. Tayari kwa nini?"

Bibi Elieshi akasimulia, na alisimulia akitazama sakafu. Babu yao alikataa ubatizo hadi mwisho. Alipokata roho, ndugu zake wachache waliobaki na mila walimzika usiku uleule kwa namna ya zamani kabla mchungaji hajapata habari. Walimkalisha. Walimkunja magoti hadi kidevuni, wakamfunga kwa kamba za migomba, wakamvika ngozi ya ng'ombe, na kabla ya kumtoa nje walimweka ndani ya nyumba ameelekezwa Kibo, kwa sababu ndiko mwanamume mwenye watoto alikotakiwa kutazama akiwa shimoni. Elieshi alikuwa na miaka saba. Walimwambia akae karibu naye ashike kibatari wakati wanaume wanamalizia kuchimba.

"Nikawa namtazama," alisema. "Usoni alikuwa na nuru ya kibatari. Nikaona koo lake linashuka. Hivi." Akameza mate, koo lake la kizee likapanda na kushuka. "Mara moja. Kama mtu aliyekunywa kitu."

Hafidha alisogea karibu.

"Ukasema?"

"Nilikuwa mtoto. Wanaume waliingia na hasira na haraka, wanamwogopa mchungaji. Nilifungua mdomo, baba mdogo akaniambia nyamaza. Nikanyamaza. Wakambeba." Bibi alijifuta pua kwa khanga. "Miaka sabini na saba, sista. Sijamwambia mume wangu, sijamwambia mchungaji. Abdiel alikuwa hajazaliwa, hajui hata babu alizikwaje. Halafu nakuja hapa namkuta ameketi vilevile, amefunikwa vilevile, anautazama mlima uleule. Na wewe unaniambia ni dawa."

"Na yale majani?"

"Isale ni msamaha. Kwetu mtu akikuletea isale lenye fundo huwezi kukataa kumsamehe. Namwomba babu. Namwambia kosa ni langu, asimchukue huyu."

Hafidha alitaka kusema kwamba hata mwili wa maiti hucheza, misuli hulegea, hewa hutoka, aliyaona hayo wodini mara nyingi. Ni kweli, lakini magoti ya yule mgeni wa pembeni, yaliyokunjwa kama ya babu, hayakumruhusu kuyasema. Akamshika bibi mkono. Akamweleza taratibu habari ya tumbo lililopandishwa na mlango ulioondoka, na bibi akasikiliza na kuitikia. Wakakubaliana jambo la busara: kesho jioni Evelyn akirudi watakigeuza kitanda, Mwalimu ataendelea kuketi lakini atatazama ukuta. Kosa la Hafidha lilikuwa kusema kesho jioni. Kulikuwa na jirani, kulikuwa na fundi anapaka rangi nyumba ya pili, kitanda kingegeuzwa saa ileile. Lakini alikuwa amechoka, na jambo limekwisha zungumzwa, na sisi binadamu tunadhani jambo likizungumzwa limekwisha.

Siku ya saba saa sita na nusu mchana Mwalimu alikunywa kikombe kizima cha mtori. Kizima, kwa mara ya kwanza. Hafidha alimsifia kama mtoto wa chekechea, akamwambia aketi wima saa nzima, akamwacha na dada yake, akashuka kuswali adhuhuri.

Alikuwa rakaa ya tatu aliposikia ukimya. Nyumba ilikuwa kimya tangu mwanzo, ni kweli, ila huu ulikuwa mwingine. Kikohozi kidogo cha Mwalimu, kilichokuwa kinasikika kila baada ya dakika chache tangu aje nyumbani, hakikusikika. Hafidha alikata swala, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake, akapanda ngazi mbili mbili.

Wingu lilikuwa limefunguka. Mwezi wa saba, saa saba mchana, wakati mlima haujulikani hata upo upande gani, Kibo kilikuwa kimejaa dirisha zima, cheupe, karibu. Mwalimu alikuwa amelala chali. Mito ilikuwa sakafuni, safari hii imetupwa tu. Mtori ulikuwa umetoka puani na mdomoni, uso una rangi ya jivu, midomo ya bluu. Bibi Elieshi alikuwa amesimama ameuegemea ukuta.

"Alikunja magoti," alisema. "Mlima ulipofunguka alikunja magoti akayakumbatia, akafumba macho. Nikaogopa. Nikamlaza."

Hafidha alipiga magoti kitandani. Alimgeuza mgonjwa ubavu, akaingiza vidole akatoa chakula, akachukua mpira wa kunyonyea makohozi akanyonya, akanyonya tena. Akatafuta mapigo shingoni, upande usio na mshono. Hakuna. Akamrudisha, akakandamiza kifua, kifua kilekile kilichofunguliwa wiki nne zilizopita, akihesabu kwa sauti hadi sauti ikakauka. Akanyonya. Akakandamiza. Jasho lilimwingia machoni. Akatafuta mapigo tena, akakaa na vidole vyake pale muda mrefu. Miaka kumi na moja wodini humfundisha mtu kujua. Mikono yake ikasimama yenyewe.

"Inna lillahi," alisema, akavuta shuka.

"Koo."

Lilikuwa neno dogo. Hafidha aligeuka. Bibi alikuwa ametoka ukutani, kidole kimenyooka.

"Koo lake limeshuka."

"Bibi, pole. Ni mwili tu. Mwili huwa—"

"Nimeona!" Bibi alipiga ukelele ambao fundi rangi wa nyumba ya pili aliusikia akadondosha brashi. "Limeshuka! Yu hai! Safari ile nilinyamaza, leo sinyamazi, hata uniue! Yu hai, yu hai, yu hai!"

Hafidha hakuona kitu. Hilo alilisema baadaye kwa daktari, kwa Evelyn, kwa kila aliyeuliza: yeye hakuona kitu, na vidole vyake havikuhisi kitu. Alimkalisha tu kwa sababu ya ule ukelele. Alimvuta mabega, na mwili ulikuwa mzito, ukawa unarudi chini. Ndipo Bibi Elieshi, mwenye miaka themanini na nne na magoti yasiyokunjika, alipopanda kitandani, akageuka akaweka mgongo wake nyuma ya mgongo wa mdogo wake, akakita miguu ukutani akawa yeye ndiye mito minne. Hafidha akamwinamisha mgonjwa mbele, akampiga kati ya mabega kwa kiganja, mara tatu, mara tano. Kipande cha ndizi kikubwa kuliko alivyotarajia, ambacho kisagio kilikiacha, kikaruka kikaangukia kwenye blanketi. Halafu ikaja pumzi. Ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa pumzi, na nyuma yake ikaja nyingine.

Fundi rangi ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake, ndoo za rangi zikigongana nyuma. Bibi alikataa kubanduka. Alikaa mgongo kwa mgongo na Mwalimu njia nzima.

Mapafu yalipata homa, wakamlaza siku tisa, akarudi Engutoto amekonda lakini ana macho. Kitanda kilikuwa kimeshageuzwa kutazama ukuta. Alikitazama akasema kirudishwe dirishani. Hafidha alimtazama Bibi Elieshi, na Bibi akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule, walipobaki wawili, Hafidha alipanga mito, akafanya mambo mengi yasiyo na haraka, akakunja taulo ambayo ilikuwa imekunjwa. Hatimaye akauliza bila kuangalia pembeni mwa kabati. "Mwalimu. Yule mgeni wako?"

"Hayupo."

"Ameondoka lini?"

Mwalimu alifikiri. "Siku ile. Nilijikuta nimekaa naye kule chini, bega kwa bega. Palikuwa finyu, pananuka udongo na ngozi. Sikuogopa. Akaniuliza, 'Yule mtoto bado hajasema?' Nikamwambia sijui ni mtoto yupi. Tukakaa. Halafu juu huko tukasikia mtu anapiga kelele, sauti ya mtoto wa kike, nikadhani Evelyn." Alipumzika, akameza mate kwa tabu. "Yule mzee akashusha pumzi ndefu. Kamba zake zikalegea. Akajilaza, sista. Akasema nimpishe, nikainuka nikampisha, akalala chali akanyoosha miguu."

Kikombe kiligonga kisahani. Bibi Elieshi alikuwa mlangoni na mtori, na alikuwa hapo kwa muda gani Hafidha hakujua. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Hakuuliza babu alisemaje, wala kama amesamehewa.

"Aliinyoosha yote miwili?" aliuliza.

"Miguu? Yote miwili."

Bibi aliingia. Aliweka kikombe juu ya meza, akaangalia mito minne nyuma ya mgongo wa mdogo wake, akauvuta wa juu uliokuwa umeteleza, akaukung'uta na kuurudisha sawasawa. Kisha akakaa mbele yake, akachota mtori kwenye ncha ya kijiko, akaupuliza upoe.

"Meza," alimwambia. "Polepole. Nakuangalia."